Samaki wa Ndoyi

Hakuna aliyegusa chai ya Koko Djamila. Vikombe vitatu vilikaa juu ya kiti cha plastiki kilichogeuzwa meza, vile vikombe vyake vya maua mekundu ambavyo huvitoa sikukuu na matanga tu. Mvuke ukapanda, ukapungua, ukaisha. Tangawizi alikuwa ameitwanga mwenyewe asubuhi ileile. Nzi akatua kwenye ukingo wa kikombe cha Fortunée, akauzunguka wote, akaruka zake mzima. Angalau mmoja ameonja, Koko akajisemea.

"Tusipoteze wakati," akasema Fortunée.

Fortunée ni dada mkubwa wa Claudine, na Claudine ni mke wa Bilali, mtoto pekee aliyembakia Koko kati ya watatu aliowazaa. Siku hiyo ya Jumapili walikuja wote watatu kutoka mtaa wa Mangobo mpaka mtaa wa Kabondo, kwa pikipiki mbili, wakaketi uani kwa Koko bila kuvua viatu penye mkeka. Fortunée alivaa kitenge chake cha kanisa na kuukumbatia mkoba wake mapajani kama mtu aliyekaa karibu na mwizi.

"Tunakuja kukuuliza kitu moja, mama. Moja tu. Mutoto anaangukaka kwako. Kwetu haanguke. Kwa jirani haanguke. Kwa kanisa haanguke. Kwako tu. Sababu gani?"

Si desturi ya Koko kujibu upesi. Alimtazama kwanza mtoto mwenyewe, Binti Djamila, wa miaka minne, aliyekaa chini katikati ya miguu ya mama yake. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto alikuwa amefungwa uzi mwekundu. Uzi huo Koko hakuwahi kuuona. Miguu ya Claudine ilikuwa imembana mtoto pande zote mbili, asije akatambaa kwenda kwa bibi yake.

Yule mtoto alikuwa ndoyi wake. Jina moja, watu wawili. Na katika ukoo wa Koko, tangu kwa bibi yake aliyezaliwa na watu waliokuja na misafara ya zamani, ndoyi ana haki yake mezani. Kabla mtu hajakata tonge la lituma, ndizi za kupondwa, mkubwa mwenye jina huchukua nyama nono ya sahani yake mwenyewe, huitoa miiba kwa vidole, na kumlisha ndoyi wake mdomoni. Mtoto haruhusiwi kugusa lituma wala fufu ya muhogo mpaka ile haki iishe. Wengine hutoa tonge moja, wakamaliza. Koko Djamila hakuwa na moyo wa tonge moja. Kila Ijumaa alimpikia Binti liboke zima, samaki aliyefungwa kwenye majani na nyanya na pilipili kidogo, akamlisha nusu nzima akiwa na njaa yake ya asubuhi, ndipo watu wengine wanyooshe mikono kwenye lituma.

Na kila mara, kabla ya adhana ya alasiri, mtoto aliloa jasho kama aliyetoka mtoni, macho yakapinduka, mikono ikaanza kutupatupa.

Mara ya kwanza ilikuwa siku ya Idi, nyama ya mbuzi. Mara ya pili mbinzo, wale viwavi wanono wa msimu. Baada ya hapo liboke, na liboke, na liboke. Na kila alipoanguka, Koko alimpa supu ya samaki ili nguvu irudi, supu nzito ya vichwa, na mtoto alibaki ameregea mpaka jua linatua.

"Mama, unasikia swali?" Fortunée akauliza.

"Ninalisikia."

"Basi jibu! Ama unangoja wale wenzako wa hewani wakuambie la kusema?"

Bilali alikuwa akitazama mikono yake. Ni fundi wa pikipiki, na oili imemwingia kucha zote kumi. Hakumwambia shemeji yake anyamaze. Hilo Koko aliliona, akaliweka mahali pake.

"Tumeshapanga," Fortunée akaendelea. "Alhamisi tunamupeleka Bengamisa, kwa chumba cha maombi. Siku tatu kavu. Hapana chakula, hapana maji. Siku ya ine pasteur anamufungua kwa supu ya kuku aliyoombea. Kama kuna mutu anamukula, huko atatajwa jina."

Siku tatu kavu. Halafu supu ya kuku, peke yake, kwenye tumbo tupu.

Kuna jambo Koko alilokuwa akilitafuna kwa majuma mawili, polepole, kama mtu asiye na magego. Ijumaa moja mvua ilikuwa imelowesha kuni. Liboke lilikataa kuiva, mtoto akalia njaa, na Koko, akiona haya mbele ya bibi zake waliokufa, akampa lituma kwanza, bonge zima na mafuta ya mawese. Samaki akaja baadaye. Binti akamla samaki pia, akammaliza, akalamba jani. Hakuanguka. Alicheza na vizibo vya chupa mpaka baba yake akaja kumchukua. Ijumaa iliyofuata kuni zilikuwa kavu, haki ya ndoyi ikatangulia, na mtoto akaanguka. Siku hiyo supu ilikuwa imemwagika, na kwa kukosa la kufanya Koko alichovya kidole katika sukari akaisugua ndani ya shavu lake. Mtoto akafumbua macho kabla kifuniko cha birika aliloliepua hakijaacha kutikisika.

Alijua maneno yatakayotoka kinywani mwake yatafanana na nini. Aliyasema hivyohivyo.

"Ni mimi. Ni samaki wangu anamuangushaka."

Kiti cha Fortunée kikaanguka nyuma. "Mumesikia! Bilali, umesikia na masikio yako? Amekubali! Mbele ya jua!"

"Sikusema ninamuroga. Nimesema samaki. Samaki bila lituma mbele."

"Ah bon! Sasa ni lituma iko dawa ya kindoki!" Fortunée akapiga makofi mara moja. "Ndoki wote, wachawi wote, wako hivi. Kwanza anakataa, kisha anakubali nusu, nusu ingine anaificha kwa tumbo."

Hapo Claudine akasema kwa mara ya kwanza. Hakupaza sauti, na ndiyo maana ilichoma zaidi. "Ulimupa jina yako ili umule polepole. Ulianza na wale wawili wako. Bilali akabaki sababu alikuwa mukonda. Angalia sasa. Mutoto wangu anakonda, wewe unanona."

"Claudine," akasema Bilali. Jina hilo tu.

Koko aliwazika wale wawili mwenyewe, mmoja kwa surua, mmoja vitani, risasi ilipopita ukuta wa matofali ya udongo. Alijua ilitoboa matofali mangapi. Alimgeukia mwanawe.

"Unipe mupaka Alhamisi. Kule kwa centre de santé kuna daktari. Nimuambie ninachojua. Akisema haiko kitu, mumupeleke Bengamisa na mimi mwenyewe munifunge kamba munipeleke."

Bilali akasugua kucha zake kwa kitambaa kisichosafisha kitu. "Jumatano magaribi," akasema mwishowe. "Kisha Alhamisi wanaenda. Na mama... usimuguse mutoto."

Walipoondoka Koko aliinua kile kiti, akakaa, akanywa vikombe vyote vitatu vya chai iliyopoa, kimoja baada ya kingine. Tangawizi haimwagwi.

*

Jumatatu alikwenda kwa miguu. Mwendesha pikipiki wa kona, aliyezoea kumwita "koko wa mikate" kwa sababu ya ile mikate ya mafuta anayoikaanga langoni kwake, alijifanya anatafuta kitu kwenye tangi. Habari ilikuwa imetangulia. Kwenye benchi la kituo cha afya mama mmoja mwenye kichanga alisogea, halafu akasogea tena, mpaka akasimama.

Daktari aliitwa Lionel. Alikuwa kijana, miwani yake imefungwa kwa plasta upande mmoja, na alikuwa na uso wa mtu aliyeambiwa uongo tangu saa moja asubuhi.

"Mugonjwa iko wapi?"

"Haiko hapa. Wamenikataza kumuleta."

"Sasa, mama, mimi nitapima nani? Benchi?" Akaandika kitu. "Anatetemeka, macho yanapinduka? Épilepsie, kifafa. Alete mama yake, nitamupa vidonge. Mwingine!"

"Kifafa inangojaka chakula?"

"Mama, mwingine aingie."

"Nakuuliza tu, daktari. Kifafa inajua kutofautisha samaki na lituma?"

Hakusimama. Alikuwa na umri wa kutosimama. Akamweleza yote kwa utaratibu wake, bila kuruka kitu: mbuzi wa Idi, mbinzo, liboke, kuni zilizolowa, bonge la lituma na mafuta, vizibo vya chupa. Daktari aliendelea kuandika mambo mengine kabisa. Lakini Koko alipofika kwenye kidole na sukari, kalamu ikasimama.

"Sema tena hapo. Sukari. Aliamuka baada ya wakati gani?"

"Kifuniko ya birika ilikuwa inacheza. Nilipaka sukari. Kifuniko haikuacha kucheza, yeye alifungua macho."

"Na jasho?"

"Jasho ya baridi. Nguo inakamuliwa."

Lionel akavua miwani. Bila miwani alionekana mdogo zaidi na mkali kidogo zaidi. "Mulikuwa munamupa supu ya samaki ili apate nguvu?"

"Ndiyo."

"Seigneur." Akavuta karatasi, akachora kitu kama jani refu lililolala chini ya mfuko. "Bon. Sikiliza. Hapa ni tumbo. Nyuma yake iko kongosho. Ndani ya kongosho iko chembe, ndogo sana, macho haioni. Zile chembe zinatengeneza homoni, jina yake insulini. Mutu akikula, insulini inatoka, inaingia kwa damu, inapita kwa kila chembe ya mwili na kuiambia: fungua, chukua sukari. Unanifuata?"

"Nafuata. Songa."

"Samaki, nyama, mayai, mbinzo, ile yote ni protini. Tumbo inaivunja vipandevipande. Kila kipande ni asidi amino. Kipande kimoja kinaitwa leusini. Leusini ikifika ndani ya chembe ya kongosho, inasukuma mashine moja mule ndani, na mashine inaamuru: mwaga insulini. Kwangu na kwako mashine iko na breki. Leusini inasukuma, breki inashika, insulini inatoka kidogo tu. Lakini kuna batoto banazaliwa na breki imelegea. Kama wako ni wa namna ile, leusini ikigusa tu, insulini inamwagika yote. Inafagia sukari yote ya damu. Na ubongo, mama, unakula sukari. Sukari ikiisha, ubongo unazima."

Koko aliitazama ile picha muda mrefu. Aliiona ile breki vizuri kabisa. Alikuwa ameolewa na dereva wa lori la Bafwasende miaka thelathini.

"Na lituma?"

"Lituma inatengeneza sukari. Ikitangulia, insulini inapomwagika inakuta kitu ya kufagia, na sukari ingine inabaki kwa damu. Haiko uchawi. Iko mupangilio."

"Kwa hivyo ni mukono yangu ilikuwa inamuangusha."

Daktari aliyekasirika tangu asubuhi alikuwa na nafasi ya kusema jambo la huruma. Hakuitumia. "Bila kujua. Lakini ndiyo."

Koko akaitika kwa kichwa. Afadhali aliyesema ndiyo.

"Mimi nimefikiri tu," Lionel akaongeza. "Kipimo ya insulini haiko hapa. Siwezi kusema mbele ya familia bila kuona. Aletwe. Siku moja ale lituma mbele, siku ya pili samaki peke yake, nikiwa karibu na serumu ya sukari ya kutia mushipani tayari. Nitapima damu kila nusu saa."

"Akikula samaki peke yake ataanguka."

"Kama ni ile, ataanguka. Nitamusimamisha."

*

Jumanne asubuhi Bilali, aliyeitwa na daktari, alimleta Binti kwenye kituo, na Claudine, na Fortunée akiwa mbele yao wote. Koko alikuwa amefika tangu alfajiri. Fortunée alimnusia kapu kabla hajamsalimu.

"Chakula yako haiingii humu."

"Sikuleta chakula."

"Leo humulishe. Kesho humulishe. Hata maji."

"Nimesikia. Apike Claudine." Koko alikuwa ameliwaza hilo njia nzima. "Anunue samaki mwenyewe, kwa soko anayotaka. Apike kwa sufuria yake, kwa makaa yake. Amulishe kwa mukono yake. Mimi nitakaa huku nje, hapa kwa benchi, mahali munaniona."

Wakatazamana. Hawakuwa wamejiandaa kwa mchawi anayekubali masharti kabla hayajatajwa.

"Na mimi nitakaa mbele yake," akasema Fortunée. "Nimuangalie midomo."

Basi ikawa hivyo. Siku nzima ya Jumanne wanawake wawili walikaa magoti kwa magoti kwenye baraza ya kituo. Koko alipotaka kuvuta tasbihi mfukoni, Fortunée alimshika mkono. "Hapana manung'uniko." Alipopiga mwayo, Fortunée aliinama kuutazama ulimi. Wagonjwa walipita upande wa mbali wa baraza. Ndani, Claudine alimlisha mtoto bonge la lituma, kisha samaki. Daktari akatoboa kidole cha Binti mara nne. Mtoto alilia kwa kutobolewa tu. Alasiri alikuwa akikimbia kwenye ushoroba na kiatu kimoja.

Fortunée alicheka mpaka akafuta macho. "Unaona! Samaki ileile! Kwa mukono ya mama yake haiko na shida. Kindoki imekosa mulango."

"Alikula lituma mbele," akasema Koko.

"Lituma, lituma! Utazikwa na lituma!"

"Ngoja kesho."

Jumatano Claudine alikuja na liboke lililofungwa vizuri, majani yamekunjwa pembe nne. Alipopita barazani alisimama mbele ya mkwewe. Macho yake yalikuwa yamevimba. "Kama asipoanguka leo," akasema, "kila mutu wa Kabondo atajua wewe ni nani."

"Na akianguka?"

Claudine aliingia.

Dirisha la chumba kile halikuwa na kioo, wavu tu, kwa hiyo Koko alisikia yote. Alisikia jani likifunguliwa. Alisikia Claudine akisema kwa sauti ya kubembeleza, "Kula, maman, kula kidogo tena," na akamsikia mtoto akiuliza lituma iko wapi, na mama akisema leo haiko. Daktari alisema namba ya sukari: themanini na nne. Baada ya muda akasema sitini na mbili. Jogoo wa mtu akawika nyuma ya kituo. Koko alikuwa na tasbihi mfukoni na hakuweza kuigusa, akahesabu kwa kubana vidole vya mguu ndani ya kandambili, kimoja kimoja, mahali ambapo Fortunée hakufikiria kutazama.

Kisha: "Maman, niko na baridi."

Kisha mguu wa kitanda ukaanza kugonga ukuta.

"Binti! Binti! Daktari, fanya kitu! Mutoto wangu! Nimemufanya nini?"

Koko akainuka nusu. Fortunée akamsukuma chini kwa kiganja kifuani. "Kaa! Acha kazi yako uliyoanza!" Na Koko akakaa. Alikuwa na nguvu za kumwondoa. Mikono yake imebeba magunia ya unga miaka mingi kuliko umri wa Fortunée. Alikaa kwa sababu kama angeingia, wangesema ndiye aliyemwinua, au ndiye aliyemwangusha, na Bengamisa ingekuwa palepale.

"Thelathini na moja," ilisema sauti ya Lionel, bila haraka. "Shika mukono yake, usimushike nguvu. Serumu inaingia. Muhesabie tu, mama, hesabu."

Claudine akahesabu huku analia. Alifika kumi na saba. Mguu wa kitanda ukanyamaza. Halafu ikaja sauti ndogo, nzito, kama ya mtu aliyeamshwa usingizini:

"Ndoyi iko wapi?"

Hakumuulizia mama yake. Alimuuliza mama yake habari za mtu mwingine. Koko alifumba macho. Neno hilo lilikuwa tamu kwake na alijua litamgharimu.

Daktari alitoka na karatasi, Bilali nyuma yake, uso umemwisha damu. "Jana lituma mbele: sukari haikushuka chini ya sabini na nane. Leo samaki peke yake: thelathini na moja, baada ya saa moja na nusu. Nimeweka sukari, ameamuka. Chembe za kongosho yake hazina breki kwa leusini. Kuna dawa, nitaandika Kinshasa wanitumie. Mupaka ifike: hapana nyama wala samaki bila lituma ao fufu mbele. Sukari ikae kwa nyumba na kwa mukoba. Na kufunga," akamtazama Fortunée, "hapana. Hata siku moja. Siku tatu kavu halafu supu ya kuku, mutarudisha maiti."

Fortunée alikunja midomo. "Mwili yake ilikuwa hapa kwa benchi. Roho yake ilikuwa wapi, daktari? Kimashine yako inapimaka roho?"

"Fortunée," akasema Claudine kutoka mlangoni. "Nyamaza."

Alikuwa amesimama na mikono imeachana na mwili, vidole vingali na mafuta ya samaki. Alivinusa bila kujua kama anavinusa. "Ni mimi nilimulisha. Nilimutolea miiba. Yeye hakuwa humu." Akavuta pumzi. "Bengamisa hatuendi."

Bilali akafunika uso kwa mikono yake myeusi ya oili. Koko akanyoosha mkono, si kwa mtu, ila kutafuta ukingo wa benchi.

Claudine alifikiri ni kwake.

"Usiniguse!" Akarudi hatua moja. "Usifikiri nimekuomba musamaha. Ulijua ataanguka. Ulikaa hapo ukanifanya mimi, mama yake, nimuangushe kwa mukono yangu. Nilisikia meno yake yanagongana. Hiyo sauti itanitoka siku gani?"

"Kwangu ilikuwa hivyohivyo," akasema Koko polepole. "Ijumaa saba."

"Basi kaa nayo! Kwangu usikanyage. Na jina yako tunairudisha. Kutoka leo anaitwa Déborah. Hana ndoyi."

Koko alimtazama Bilali. Bilali alitazama sakafu ya saruji, mahali palipopasuka, kana kwamba pale ndipo panaposomwa.

Wazee husema mchawi mpe mtoto amlee. Koko Djamila alikuwa amemlea mtoto huyo kila Ijumaa, na sasa aliambiwa amtoe. Alisimama, akakunja ushungi wake pembe kwa pembe, kama mtu aliyemaliza kuswali.

"Sukari," akamwambia Claudine, "usimumiminie kwa koo akitetemeka. Itamupalia. Paka kwa shavu, ndani, na kidole."

Akashuka ngazi za kituo. Hakuna aliyemuaga.

*

Mikate yake haikupata wanunuzi mwezi ule wala uliofuata. Langoni kwake watu walivuka barabara. Mtu mmoja alimwaga majivu kizingitini, na Koko akayafagia, akayatupia migomba. Majivu ni mbolea hata yakija na ubaya.

Ijumaa moja baada ya swala alikwenda Mangobo. Hakwenda kukanyaga kwa mtu. Njia ni ya serikali, na inapita nyuma ya uzio wa mianzi wa Bilali. Alitembea taratibu, kapu kichwani, na alipofika penye uzio mguu wake ukasita wenyewe.

Harufu ilimfikia kwanza: majani yaliyoungua, nyanya, samaki.

Kisha sauti ya Claudine, kali, ya mwanamke aliyeishiwa uvumilivu tangu asubuhi. "Déborah! Nimekuambia nini? Toa mukono kwa samaki! Lituma mbele! Maliza bonge lote, nione sahani!"

"Nimeshiba."

"Hujashiba! Lituma kwanza, kisha samaki. Ni mara ngapi nitasema? Fungua kinywa!"

Kupitia ufa wa mianzi Koko aliona kiganja cha mtoto, kinene kuliko zamani, kikishika bonge la njano. Karibu na sahani palikuwa na kopo la maziwa ya unga lenye sukari, na kijiko kimesimama ndani yake. Uzi mwekundu haukuwepo mkononi.

Mtoto aligeuza kichwa kuelekea uzio. Pengine alisikia pumzi. "Maman, kuna mutu."

Claudine aliinuka. Kupitia ufa uleule macho yao yakakutana, jicho moja kwa jicho moja. Claudine alichukua ufagio wa mchikichi uliokuwa ukutani na kuanza kufagia ua, kwa nguvu, kuelekea kwenye uzio, mpaka vumbi likapenya chini ya mianzi na kufunika miguu ya mwanamke mzee.

Huku anafagia alipaza sauti bila kugeuka: "Bonge lote, nimesema! Bado samaki!"

Koko alingoja hapo, miguu vumbini, mpaka akasikia sahani tupu ikiwekwa chini na jani la liboke likifunguliwa. Ndipo akaliweka kapu sawa kichwani, akageuka, akashika njia ya Kabondo.